Dawa za maumivu kwa mgonjwa wa saratani ya matiti aliyelazwa: riviu ya wodi mbili, dawa moja moja

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye saizi ana mama, dada, shangazi au mke amelazwa na saratani ya matiti, kila akienda kumuona anamkuta amekunja uso anajibu kwa kichwa tu, afu akiuliza anaambiwa "ameshapewa dawa." Mi nimemuuguza dada yangu mkubwa kwenye wodi mbili tofauti, ya kwanza ya upasuaji na ya pili ya saratani, hospitali sitozitaja, na dawa za maumivu walizokuwa nazo zilikuwa karibu zilezile kabisa ila matokeo yalikuwa mbingu na ardhi. Ndo maana nimeona niandike kila kitu. Mi si daktari, dozi ya mgonjwa wako itatoka kwa daktari wake anayejua figo zake na ini lake, mimi naandika nilichokiona na nilichokisoma na kukiulizia mpaka nikaelewa.

Nyota kwanza ili usisubiri: wodi ya kwanza naipa mbili kati ya tano. Ya pili nne na nusu.

Wodi ya kwanza dawa zilikuwepo, na watu walikuwa wema, tatizo lilikuwa moja tu lakini kubwa: dawa ilitolewa mgonjwa akilalamika. Sasa fikiria mtu ametolewa titi na matezi ya kwapani, ana dreni (mpira wa kutoa majimaji ya kidonda) inaning'inia ubavuni, maumivu yakianza anavumilia kwanza maana hataki kuonekana msumbufu, yakizidi ndo anaita, nesi yuko kitanda kingine, akimaliza anakuja anasikiliza, anaenda kabatini, kama ni dawa kali inabidi mwenzake aje washuhudie na kusaini pamoja, kidonge kinamezwa, na kidonge hakifanyi kazi papo hapo, kinachukua nusu saa mpaka saa nzima kuingia vizuri. Kwaiyo kutoka "naumwa" mpaka "nimepata nafuu" mtu ameteseka muda mrefu bure, na maumivu yakishapanda juu sana dozi ileile iliyokuwa inatosha mapema haitoshi tena. Afu wanasema dawa haimfai. Dawa inamfaa sana, imechelewa tu!

Na hili si wazo langu, Shirika la Afya Duniani limelisema tangu mwaka 1986 lilipotoa ule mwongozo wa ngazi ya hatua tatu: dawa itolewe kwa mdomo kama mgonjwa anaweza kumeza, na itolewe kwa saa, yaani saa ikifika inatolewa, husubiri maumivu yarudi. Hatua ya chini ni parasetamoli na dawa za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, ya kati kodeini na tramadoli, ya juu mofini. Mwaka 2018 wakatoa mwongozo mpya na hapo wakaweka wazi kwamba ngazi ni ya kukuongoza tu kwa ujumla, mtu mwenye maumivu makali hana sababu ya kupandishwa kidato kwa kidato, anaweza kuanzishiwa dawa kali moja kwa moja kulingana na alivyo. Hili lishike, maana bado utakutana na mtu anasema "tumjaribu kwanza na panadol tuone" kwa mgonjwa ambaye hawezi hata kugeuka kitandani.

Kitu kimoja wodi ya kwanza walifanya vizuri sana na nataka niwape haki yao: ganzi ya kifuani. Kabla ya upasuaji daktari wa usingizi, mbali na nusu kaputi, alimchoma dada ganzi kwenye neva zinazohudumia ukuta wa kifua na kwapa. Alipoamka hakuwa na maumivu ya maana, alikunywa maji, aliongea, alihitaji dawa kali kidogo mno. Kama mgonjwa wako anaenda kutolewa titi muulizeni daktari wa usingizi kuhusu hii kitu mapema kabla ya siku ya upasuaji, naipa tano kamili. Ila ganzi ya kuchomwa mara moja inaisha, mara nyingi ndani ya saa 12 mpaka 24, na ya dada iliisha usiku na hakuna aliyekuwa ameandika dawa ya kuchukua nafasi yake. Maumivu yaliingia kwa pamoja kama mafuriko. Dawa za kumeza zinatakiwa zianze ganzi ikiwa bado inafanya kazi, zimkute mgonjwa yuko vizuri, na hilo ni jambo la kuandikwa kwenye chati kabla daktari hajaondoka zamu, halihitaji mashine wala pesa.

Kuhusu dawa zenyewe sasa.

Parasetamoli. Watu wanaidharau, mi siidharau, ikitolewa kwa saa inapunguza kiasi cha dawa kali anachohitaji mgonjwa. Mwisho kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa siku nzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mtu aliyekonda sana au mwenye ini lililoguswa na saratani anapewa pungufu ya hapo, halafu angalieni isijirudie maana imejificha kwenye dawa za mafua na kwenye vidonge vilivyochanganywa na kodeini. Jambo ambalo nataka kila ndugu wa mgonjwa alijue: akiwa kwenye kemo (dawa za kuua saratani), parasetamoli inaficha homa. Na homa ya nyuzi 38 kwa mtu ambaye chembe nyeupe za damu zimeshuka ni dharura, si ya kungoja asubuhi. Wodi ya pili walikuwa wanapima joto kwanza ndo wanatoa kidonge, kila mara. Pia kwa mgonjwa wa hivo hawampi dawa ya kuweka njia ya haja kubwa kwa sababu ya hatari ya maambukizi, na chembe sahani (zile zinazogandisha damu) zikishuka hawachomi sindano ya kwenye msuli maana anaweza kuvuja damu ndani. Ukiona mtu anataka kumchoma sindano ya takoni wakati chembe sahani zake ziko chini, uliza kwa heshima.

Diklofenaki na ibuprofeni ni nzuri, hasa kwa maumivu ya mfupa na ya kidonda kilichovimba, lakini zina madeni: tumbo, figo, na kuvuja damu. Dada alipokuwa anapewa deksamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi) kwa ajili ya kemo, daktari wa wodi ya pili aliiondoa diklofenaki palepale maana hizo mbili zikikutana vidonda vya tumbo vinakuja haraka. Nyota tatu, kwa muda mfupi na kwa mtu anayefuatiliwa figo.

Tramadoli na kodeini mi nazipa mbili na nusu kwa mgonjwa wa saratani aliyelazwa. Kodeini yenyewe haifanyi kitu kikubwa mpaka kimeng'enya fulani cha kwenye ini (kitu cha mwilini kinachobadilisha dawa) kiigeuze kuwa mofini, na kuna watu miili yao haiigeuzi vizuri, hao hata wakinywa hawaoni kitu na wanaonekana wanadeka, na kuna wengine miili yao inaigeuza haraka kupita kiasi wanazidiwa na dozi ya kawaida. Tramadoli nayo inategemea kimeng'enya hichohicho, ina ukomo wake miligramu 400 kwa siku, inaweza kuleta degedege hasa kwa mwenye historia ya kifafa, na haipatani na baadhi ya dawa za sonona. Hapohapo kuna la kuwaambia wanaotumia tamoksifeni: nayo inahitaji kimeng'enya hicho ili ifanye kazi yake ya kuzuia saratani, na dawa kama paroksetini na fluoksetini zinakizuia. Kwaiyo mgonjwa akiandikiwa dawa ya sonona au ya maumivu ya neva, hakikisheni aliyeandika anajua kuwa yuko kwenye tamoksifeni. Mfamasia wa wodi ya pili ndo aliyelikamata hili kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani, alikuja na faili mkononi akaongea na daktari na dawa ikabadilishwa siku hiyohiyo. Mfamasia anayetembea wodini nampa nyota zote.

Pethidini. Kuna wagonjwa wanaililia maana wanaikumbuka kutoka labda kwenye uzazi au upasuaji wa zamani. Kwa maumivu ya saratani haifai, inakaa muda mfupi halafu inaacha taka mwilini ambazo zikirundikana, hasa figo zikiwa dhaifu, zinaleta kutetemeka na degedege. Moja.

Haya, mofini. Hapa nitakaa.

Dada alirudishwa kulazwa baadaye, saratani ilikuwa imeenda kwenye mifupa ya nyonga na uti wa mgongo, na maumivu ya mfupa jamani ni kitu kingine, mtu anaogopa hata shuka likivutwa. Wodi ya pili walimwanzishia mofini ya maji ya kunywa, dozi ndogo, kila baada ya saa 4. Saa 4 siyo "asubuhi mchana jioni", ni saa 4 kweli, na ya kabla ya kulala walimpa mara mbili ya dozi moja ili asiamshwe katikati ya usiku. Pembeni ya hiyo kukawa na dozi ya ziada, kama maumivu yakichomoza kabla ya saa kufika anapewa palepale bila mjadala, na kiasi chake ni karibu sehemu moja ya sita ya jumla ya siku nzima, yaani sawa na dozi moja ya kawaida. Kila dozi ya ziada inaandikwa. Kesho yake daktari anajumlisha, akiona alihitaji za ziada nyingi anapandisha dozi ya kawaida, akiona hakuhitaji anaiacha. Hesabu nyepesi tu. Mofini haina ukomo maalum kama tramadoli, dozi sahihi ni ile inayotuliza maumivu bila kumletea madhara yanayomshinda, na inaweza kuwa ndogo kwa huyu na kubwa sana kwa yule wa kitanda kinachofuata, msilinganishe. Ilipotulia wakamhamishia kwenye vidonge vinavyotoa mofini taratibu, kimoja kila baada ya saa 12, vile havitafunwi wala kusagwa, ukikisaga dozi ya saa 12 inaingia kwa mkupuo na hiyo ni hatari ya kweli.

Na hapa ndo familia zinapoingia kati. Siku mofini ilipotajwa, ndugu walianza kunipigia simu, mmoja anasema hiyo dawa wanapewa wanaokufa, mwingine anasema atakuwa teja. Nitayajibu yote mawili kwa sababu najua hata wewe utaambiwa.

La kwanza: mofini ikianzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa kwa kipimo haimharakishii mtu kifo, inapewa watu wenye miezi na miaka mbele yao, inapewa hata mtu aliyetoka upasuaji wa kawaida. Dada baada ya kuanza mofini ndo alianza kukaa, kula, kwenda bafuni mwenyewe akishikilia ukuta, na kuendelea na kemo ambayo kabla ya hapo alikuwa amesema basi. Siku mbili tatu za mwanzo wengi wanalala sana, dada naye alilala, familia ikaogopa, lakini sehemu ya ule usingizi ni deni la usiku wote ambao hakulala kwa maumivu. Cha kuogopa ni kingine: mgonjwa haamshiki kabisa, anapumua polepole mno, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano. Hapo unaita nesi mbio, na kuna dawa ya kuiondoa mofini, inaitwa naloksoni, inatakiwa iwepo wodini. Ukiona anaruka-ruka misuli, anaona vitu visivyokuwepo, anachanganyikiwa, mara nyingi figo hazitoi mabaki ya mofini vizuri, wanapunguza dozi au wanabadilisha kwenda fentanili ambayo figo inaivumilia zaidi.

La pili, la uteja. Mwili kuzoea dawa ni jambo la kawaida, ndo maana haiachwi ghafla, inapunguzwa kidogokidogo maumivu yakiisha. Kuzoea huko ni tofauti na mtu anayetafuta dawa ili alewe. Hatari ya uraibu ipo na siifichi, kama mgonjwa amewahi kuwa na tatizo la pombe au dawa za kulevya mwambieni daktari waziwazi, hatonyimwa, atafuatiliwa kwa karibu zaidi tu, na nyumbani dawa ikae mahali panapofungwa. Lakini kumwacha mama wa watu analia usiku kucha kwa sababu ya woga wetu sisi tunaolala vizuri, hapana, hilo silikubali.

Madhara yake sasa maana mofini inayo. Kichefuchefu kinakuja kwa baadhi ya watu siku za mwanzo, wanapewa metoklopramaidi au dawa nyingine, kinapita. Kuwashwa, mdomo kukauka, vinavumilika. Choo ndo habari kubwa. Karibu kila anayetumia mofini anafunga choo, na tofauti na kichefuchefu hii haizoeleki, itaendelea muda wote anaotumia dawa. Kwaiyo dawa ya choo kama sena au bisakodili inatakiwa iandikwe siku ileile mofini inapoandikwa, siyo wiki ya pili mtu akishavimba tumbo. Ukimwongezea tu vyakula vya nyuzinyuzi na hanywi maji ya kutosha unaweza hata kuongeza tatizo. Nimeona mama mmoja akikataa mofini kabisa, kumbe maumivu yalikuwa yametulia, alichokataa ni tumbo. Nesi aliyemtatulia choo ndo alimrudisha kwenye dawa. Mofini yenyewe nne na nusu, mofini pamoja na dawa ya choo tano.

Plasta ya fentanili, ile inayobandikwa kwenye ngozi, inafaa kwa mtu ambaye hawezi kumeza au anatapika na maumivu yake yameshatulia kwenye kiwango kimoja. Inabadilishwa kila baada ya saa 72. Haifai kwa maumivu ya ghafla maana inachukua saa 12 mpaka 24 kushika, na kwa mtu ambaye mwili haujazoea dawa za jamii ya mofini ni hatari. Msiweke chupa ya maji ya moto juu yake wala kitu chochote cha joto, joto linaifanya dawa iingie kwa wingi, na hata homa inafanya hivo. Iliyotumika bado ina dawa ndani, ikunjwe gundi kwa gundi na itupwe mbali na mtoto. Ile pampu ya kitufe ambayo mgonjwa anabonyeza mwenyewe baada ya upasuaji ni nzuri, ila kidole kiwe cha mgonjwa tu. Ukimbonyezea akiwa amelala umeiondoa kinga yote ya ile mashine, kwa sababu mtu aliyezidiwa na dawa hawezi kubonyeza tena, na hapo ndo usalama ulipo.

Kuna maumivu ambayo mofini peke yake haiyawezi na ni ya kawaida mno kwa saratani ya matiti. Baada ya matezi ya kwapani kutolewa, neva inayopita pale kwenda upande wa ndani wa mkono mara nyingi inaguswa au inakatwa, mgonjwa anasikia kuungua, kama shoti, huku ngozi yenyewe ina ganzi, na nguo ikigusa anaruka. Wengine titi ambalo halipo tena linauma au linawasha, na hawasemi kwa kuogopa kuonekana wamechanganyikiwa. Yanatokea, ni ya kweli, semeni. Wodi ya kwanza walimwongezea dada diklofenaki kwa hilo na haikufanya chochote. Wodi ya pili nesi alikaa kitandani akamuuliza, "Mama, hapa kwapani panaunguza, panavuta, au panadunda?" Swali hilo moja ndo lilileta gabapentini kwa dozi ndogo ya usiku ikapandishwa taratibu, wengine wanapewa amitriptilini au pregabalini, zinahitaji siku hadi wiki kushika na zinaleta usingizi na kizunguzungu, hasa zikiwa pamoja na mofini, kwaiyo asisimame ghafla kwenda chooni peke yake.

Kemo nazo zina yake. Paklitakseli inaweza kuleta maumivu ya misuli na viungo siku chache baada ya dripu, na baadaye ganzi na kuchomachoma kwa vidole, ambapo dawa yenye ushahidi mzuri zaidi ni duloksetini (kumbukeni nayo kumtajia daktari tamoksifeni). Sindano za kupandisha chembe nyeupe zinauma mifupa. Letrozoli na anastrozoli, ambazo ni vidonge vya homoni na siyo kemo, zinakaza viungo asubuhi, na mazoezi yanasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kwa maumivu ya mfupa, dawa ya maumivu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mionzi. Kwa mfupa usio na matatizo mengine, mionzi ya mara moja tu ya Gy 8 (Gy, grei, ni kipimo cha mionzi) inatuliza maumivu sawa na ile ya kwenda siku nyingi mfululizo, na kwa mtu ambaye kusafirishwa tu ni mateso hilo ni jambo kubwa. Nafuu inakuja ndani ya wiki chache, siku za mwanzo maumivu yanaweza hata kupanda kidogo, msikate tamaa. Asidi ya zoledroniki na denosumabu zinaimarisha mifupa na kupunguza mivunjiko, ila meno yakaguliwe kabla ya kuanza maana zinaweza kuharibu mfupa wa taya. Na hili liandike mahali: mgonjwa mwenye saratani ya matiti akianza maumivu mapya ya mgongo, hasa yanayozidi akilala au akikohoa, au miguu ikalegea, au mkojo ukagoma, hiyo siyo ya kuongezewa mofini na kusubiri. Uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, anatakiwa kuonwa siku hiyohiyo, kuchelewa kunaweza kumwacha amepooza.

Kwa nini nne na nusu kwa wodi ya pili? Kwa sababu ya kuuliza. Kila zamu, wakipima joto na mapigo wanauliza maumivu na kuandika namba, 0 mpaka 10, asiyeweza namba anaonyeshwa picha za nyuso. Na walikuwa wanauliza mara mbili: ukiwa umetulia, halafu ukikohoa au ukisogea. Mtu anaweza kuwa 2 akilala kimya na 8 akijaribu kukaa, na asiyeweza kukohoa kwa maumivu anaweza kupata kichomi. Saa moja baada ya dawa walirudi kuuliza tena. Kabla ya kubadilisha bandeji dozi inatolewa mapema, wanasubiri ishike ndo wanagusa kidonda, jambo dogo hilo lilimfanya dada aache kutetemeka akiona trei ya vifaa.

Na walijua kwamba maumivu hayakai mwilini tu. Cicely Saunders, yule Mwingereza aliyekuwa nesi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, akaishia kuwa daktari na kufungua St Christopher's Hospice London mwaka 1967, ndo aliyefundisha kuyaangalia maumivu ya mgonjwa kwa ujumla wake, ya mwili, ya akili, ya familia na ya roho kwa pamoja. Dada usiku namba zilikuwa zinapanda bila sababu inayoonekana, wakaongeza dawa, haikusaidia sana, mpaka mshauri wa wodi alipokaa naye ikajulikana anawaza nani atabaki na watoto na kama mume atamtazama tena kifuani. Dawa za usiku zilipungua baada ya mazungumzo hayo. Sisemi maumivu yalikuwa ya kufikirika, mifupa ilikuwa inauma kweli, ila mzigo ulikuwa mmoja juu ya mwingine.

Wakati wa kuruhusiwa walitupa karatasi moja inayosomeka: jina la dawa, saa ngapi, dozi ya ziada kiasi gani na lini, dawa ya choo, dalili za kupiga simu, na namba ya kupiga. Wodi ya kwanza tulitoka na mifuko ya vidonge na maneno ya mdomo.

Nusu nyota niliyoikata ni ya wikiendi. Mofini inatolewa kwa masharti na famasi ya dawa hizo ilikuwa inafungwa mapema Ijumaa, siku moja chupa ya wodini ikakaribia kuisha Jumamosi na ikabidi nesi azunguke wodi nyingine kuazima na kusaini, dozi ikachelewa na dada akalipia huo ucheleweshaji mpaka jioni. Baada ya hapo kila Ijumaa asubuhi nilikuwa nauliza: iliyobaki inafika Jumatatu? Nanyi ulizeni, na mkijibiwa "nadhani", subirini hapohapo mpaka mtu aende kuangalia chupa.